Kishimo cha Kidole

Ndani ya Land Rover iliyotoka Mwimbi, Jenifa alikalia gunia lake la maharage ya kuuza, mwanawe mapajani, akisikiliza abiria wawili wakibishana. "Mjukuu wangu hula uji mtupu wa mahindi, na amenona kama ndama!" alijisifu bibi mmoja. "Huo ni wanga, bibi, unatia nguvu tu," alijibu dada aliyeketi mbele ya bibi huyo. "Mwili hujengwa na protini, kama ya maharage. Ikikosekana, maji hutoka kwenye damu yakajaa miguuni." "Maji! Kwani mjukuu wangu debe?" "Mbonyeze mguu. Kishimo kikibaki, si unene huo."

Jenifa, ambaye naye alimlisha mwanawe uji mtupu, aliona haya kuuliza. Alibonyeza mguu wa mwanawe, ule mnono uliosifiwa kanisani. Kishimo kilibaki.

Gari liliposimama sokoni Majengo, utingo aliita, "Maharage haya ya nani, tuyashushe?" "Ya mwanangu," alisema Jenifa, "msiyashushe."