Damu ya Siku ya Pili

Mumewe alimwona marehemu kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 9 Machi 1998, katika hospitali ya wanyama ambako mume huyo alikuwa akiosha vibanda. Marehemu alikuja kutoa damu ya mbwa mkubwa, akamkuta mwosha vibanda amemkumbatia mbwa huyo, macho ameyafumba. Marehemu akamuuliza, "Kaka, umemshika mbwa au mbwa ndiye amekushika?" Alimjibu baada ya miezi minne, kwa barua.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1971, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1989, akasomea maabara miaka mitatu. Mumewe aliishia darasa la saba, na marehemu hakuwahi kumfanya ajione mdogo. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti wawili.

Mwaka 2003 alipima damu ya mbwa aliyevimba kongosho. Majibu ya siku ya kwanza yalikuwa ya wastani, akaandika "si kali." Mbwa alirudishwa nyumbani, akafa siku ya tatu. Tangu hapo hakuridhika na kipimo kimoja. "Kimeng'enya cha kongosho kikipanda kinakwambia ugonjwa upo, basi. Ukitaka kujua ukali wake, pima protini ya uvimbe, ile inayopanda kadiri uvimbe unavyozidi, na kesho upime tena." Madaktari walimwita Mama Kesho Tena. Alicheka nao, na damu akaitoa tena.

Tarehe 6 Mei 2025 alilazwa kwa maumivu ya tumbo. Lilikuwa kongosho. Daktari alisema majibu si mabaya. Jumatano asubuhi marehemu akamwambia mumewe, "Baba watoto, kamwambie daktari wapime tena leo. Usimwogope, ni mtu tu." Mumewe alisimama nje ya mlango wa daktari tangu saa tatu. Watu walisema "samahani, mzee," akawapisha. Hakugonga. Saa kumi daktari aliondoka.

Damu ilipimwa Alhamisi. Protini ilikuwa imepanda sana na figo zimeanza kushindwa. Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 10 Mei.

Hili limeandikwa kwa sababu tangu juzi, hapa msibani, daktari analaumiwa. Daktari hakukataa kupima. Hakuambiwa.

Ameacha mume, binti wawili, mjukuu mmoja na dada watatu. Tunamwombea usingizi usio na maumivu.

Maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa ya Jumatano ile jioni. Kulipokucha hakuweza tena kusema. Jioni hiyo mumewe alirudi wodini akamweleza ukweli wote. Marehemu alimtazama viatu, akasogeza miguu yake kitandani ili mumewe apate nafasi.

"Haya, keti. Umesimama sana leo."