Mbuzi wa Mathenge na Machozi ya Sinema

Kama nasema uongo, ng'ombe wangu wakauke maziwa leo. Katika treni ya Nanyuki, mwaka wa sabini na mbili, msichana aliyeketi mbele yangu, Watiri, alimwambia shangazi yake, aliyemwita tata kwa Kikuyu, kwamba hataolewa na Mathenge aliyemposa. "Yule kijana wa sinema niliyoiona alimlilia msichana wake kwenye mvua, tata. Mathenge analeta mbuzi wa mahari tu."

"Na huyo wa sinema alileta mbuzi wangapi?"

Nikadakia kwamba filamu hiyo niliiona, na alileta thelathini.

"Mzee, alikufa kabla ya arusi. Wewe hukuiona," Watiri akasema.

Shangazi akamgeukia. "Ati unamkataa mzima kwa ajili ya maiti?"

"Alikufa akiita jina la msichana wake, tata."

Treni ikasimama Karatina. Shangazi akanitoza faini ya uongo, mahindi mawili ya kuchoma, na Watiri akatafuna lake akisema kwamba yeye bado hamtaki Mathenge.