Mwisho wa Benchi Penye Mtandao

Benchi lile lilikuwa na sheria moja tu, na hakuna aliyewahi kuiandika. Limeegemezwa kwenye ukuta wa bati wa kinyozi, jirani na fundi baiskeli, na mtandao wa simu unashika upande wa mwisho peke yake, pale penye birika la Shangazi muuza kahawa. Ukisogea katikati, simu yako inabaki kuwa tochi. Basi anayesubiri simu ndiye anayekaa mwisho, wengine wanabanana, na shida yake ikiisha anasogea ampishe mwenzake. Siku hiyo kijana waliyembatiza Mnara, kwa kuwa anasoma mawasiliano ya simu chuo kikuu, alikuwa amekaa mwisho tangu asubuhi na hakuonyesha dalili ya kusogea. Kahawa yake ilikuwa imepoa. Goti lilimcheza kama la mtu anayekanyaga cherehani. Na watu wa kijiwe, ambao huvumilia kila kitu isipokuwa jambo lisilowahusu, walikuwa wameanza kuguna.

— Mnara, unangoja simu au unangoja uchaguzi? — akauliza Breki, fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna.

— Nangoja baba anijibu.

Hakutaka kusema zaidi, lakini benchini pale ukisema nusu umeshayamaliza. Wakambana, akatapika yote. Matokeo yametoka, kafeli somo kubwa, lile la mawimbi, na chuo kinamtaka arudie mwaka mzima. Baba yake ni fundi wa kuchomelea mageti, na tangu mwanzo alisema haielewi elimu ya kitu kisichoshikika. Ikigoma, kijana arudi, karakana ipo. Asubuhi Mnara kamwandikia kwamba amefeli na anaomba ruhusa ya kurudia. Baba kausoma ujumbe, alama zinaonyesha. Jibu hakuna. Mnara aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kufeli. Aliogopa kuitwa nyumbani kushika mashine ya kuchomelea wakati kichwani bado anaona mawimbi yakipita. Alilipenda somo lile lile lililomwangusha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, — alisema Waziri, mzee aliyestaafu utarishi, anayeongea kana kwamba siri zote za serikali alizibeba yeye. Na kweli alizibeba, ndani ya bahasha zilizofungwa. — Hapo jibu limezuiwa.

— Limezuiwa na nani, mzee?

— Wewe msomi unaniuliza mimi? Ujumbe wowote lazima upite juu, ukaguliwe.

— Hakuna anayekagua, mzee wangu.

— Ndivyo wanavyowaambia mwaka wa kwanza. Ukweli wanautoa mwaka wa mwisho. Na wewe huko hujafika.

Wembe, kinyozi, akachomoza kichwa dirishani, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kisogo cha mteja.

— Msimtishe mtoto wa watu. Shida ni joto. Jibu limetoka kwa baba yake likiwa zima, limefika njiani limeyeyuka. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Mawimbi hayayeyuki, kaka.

— Sasa mbona katikati ya benchi mtandao hakuna na mwisho upo? Si kwa sababu mwisho kuna kivuli?

Hili alishawaeleza mpaka akachoka. Akaeleza tena, akichora vumbini kwa kidole. Wimbi linatoka kwenye mnara, linagonga bati la Wembe, linarudi. Pale katikati linakutana na jingine linalokuja. Moja linapanda wakati jingine linashuka, basi yanafutana. Huku mwisho yanapanda pamoja. Alipokuwa akichora, goti lake lilitulia kabisa, na benchi lilimsikiliza kwa heshima zote.

— Umeeleza vizuri sana, — alisema Wembe. — Lakini ni kivuli.

— Na kwenye mtihani ulijibu hivyo hivyo? — akauliza Breki.

— Kwenye mtihani wanataka hesabu.

— Basi ndiyo hapo. Dua la kuku halimpati mwewe.

Hakuna aliyejua kuku ni nani katika habari ile, lakini wote waliitikia kwa kichwa.

Simu ikawaka. Chini ya jina la baba lilitokea neno dogo: anaandika. Benchi zima likainama. Mnara akahisi hukumu inakuja, na vidole vikakimbilia kioo vyenyewe. Akaandika, "Baba, najua umekasirika." Akafuta. Akaandika, "Baba, nisikilize kwanza." Akafuta. Alipotazama juu, neno la baba lilikuwa limeshapotea.

— Imekuwa hivyo tangu saa ngapi? — Shangazi aliuliza, akiimwaga ile kahawa iliyopoa na kummiminia nyingine.

— Tangu asubuhi, Shangazi. Linakuja, linaondoka.

— Anaandika wosia huyo, — alisema Breki. — Anaandika, anakuta jina lako, analikata. Urithi wa mageti ushaota mbawa.

— Siyo baba yake anayeandika, — Waziri akapunguza sauti. — Kuna ofisi. Watu wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, kazi yao kuandika na kufuta, kuandika na kufuta, ili mzazi na mtoto wasielewane. Wakielewana, nani atanunua tena vocha?

— Ofisi ya nini wakati jibu mnaliona? — Wembe akaelekeza kitana kwenye mnara uliokuwa nyuma ya mapaa. — Kunguru. Akitua, neno linapotea. Akiruka, linarudi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Wakageuka kutazama. Na kweli, juu ya mnara kulikuwa na kunguru. Mnara mwenyewe, pamoja na miaka yote ile ya darasani, alijikuta anamkodolea macho yule ndege na kumwomba aruke. Ndipo alipojua kuwa amechanganyikiwa.

Wakati huo akafika dada mmoja anasukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limekaa chini kwa kukosa upepo.

— Habari zenu. Fundi yupo?

— Yupo, ila tuko kikaoni, — alisema Breki. — Kaa upate kahawa, hili letu linaisha sasa hivi.

Dada akakaa katikati, penye nafasi, akapokea kikombe. Haikuchukua muda akawa ameshaelezwa kila kitu: mtihani, mageti, ofisi ya viti vya kuzunguka na kunguru. Alisikiliza bila kucheka. Kisha neno likatokea tena kwenye simu, Mnara akaanza tena kuandika na kufuta, neno likapotea.

— Samahani, kaka, — alisema yule dada. — Na baba yako kule, wewe ukiandika na kufuta hivyo, kwenye simu yake anaona nini?

Waziri alifungua kinywa, akakuta bahasha ni tupu. Breki akatazama gurudumu. Mle ndani mashine ya Wembe ikanyamaza, mteja naye akageuza shingo asikie. Kunguru akaruka, akaenda zake, na neno halikurudi.

Aliyejua alikuwa Mnara peke yake, na aliona aibu. Aliikumbuka karakana. Akifika mtu wa kuzungumza naye, baba huzima moto, huinua kinyago cha kuchomelea, huweka chombo chini, na hasemi neno mpaka mwenzake amalize. Mtu akiongea mwache afike mwisho, ndivyo alivyowalea. Hakuwahi kumkata mtu kauli, hata wateja waongo. Na leo tangu asubuhi anamwona mwanawe anaandika.

— Anaona naandika, — alisema Mnara taratibu. — Ananingoja nimalize.

Akapiga. Haikuita hata mara ya pili.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. — Sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Benchi zima liliisikia bila kuinama. — Umemaliza?

— Nimemaliza, baba.

— Maana nikianza neno moja tu, nakuona na wewe umeanza. Nasema, mwache aseme. Unanyamaza, hujasema. Siku nzima nimesimama na simu mkononi, mageti ya watu yamelala.

— Nisamehe, baba.

— Rudia huo mwaka. Geti likipinda hatulitupi. Tunakata palipopinda, tunaunga upya. — Akakohoa. — Ila niambie kitu. Huko chuoni wanawafundisha kuunganisha watu, kupiga simu bado hamjafika?

Mnara alicheka huku macho yamemjaa machozi.

Breki aliinuka kimya kimya akaenda kulitoa gurudumu. Shangazi akainamisha birika, likatoa tone, likaisha. Mnara aliaga, akakata simu, akamwambia dada aje akae mwisho kama ana mtu wa kumpigia, na yeye akasogea katikati, pale ambapo mtandao haushiki, akanywa kahawa yake mpaka chini.