Mzee Eliufoo Amalize Sahani Yake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Eliufoo Mbwambo anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza jenereta ya hospitali yetu hapa Myamba. Aliajiriwa kukata nyasi. Fundi wa wakati huo alishuka Same kutafuta chujio la mafuta na hajarudi mpaka leo, basi Eliufoo akakabidhiwa funguo kwa muda.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Dizeli inaungua, nguvu ya moto inazungusha injini, injini inazungusha jenereta, na taa zinawaka chumba cha upasuaji. Hivyo ndivyo alivyowafundisha wauguzi wapya, akiongeza kwamba joto jingi hupotea bure. Yeye hakukubali lipotee. Masika, jua likigoma, nepi za wodi ya wazazi zilikauka kwenye kibanda chake. Watoto wengi wa Myamba wamepelekwa nyumbani wakinukia dizeli, na wamekua vizuri tu.

Kwa harufu hiyohiyo, kanisani benchi lake halikujaa. Waliokaa mbali naye Jumapili ndio waliomletea simu Jumatatu awachajie. Aliwachajia wote.

Mafuta yaliletwa kutoka Same na dereva wetu, marehemu Fredrick, mume wa anayeandika haya. Wawili hao walipenda kutaniana kwamba Wapare tunapandisha mafuta mlimani kwa gari, huku maji yakishuka bure kando ya barabara.

Nguzo za gridi ya taifa zilipofika, tulipiga makofi kwamba moshi umekwisha. Eliufoo alisubiri hotuba ziishe, akasema, “Gridi nayo ina mitambo ya gesi. Moshi upo, ila tumewaachia wenzetu wauvute.” Kesho yake umeme ulikatika, akaenda kuwasha.

Mwaka jana Fredrick alilazwa hapa. Umeme ukakatika, na mashine yake ya oksijeni ikaendeshwa kwa dizeli aliyoileta mwenyewe. Fredrick alipokata roho, Eliufoo aliambiwa yamekwisha, azime. Hakuzima mpaka mjane alipotoka wodini. Alidai kelele za injini zilimzuia kusikia.

Umeme wetu una tabia ya kukatika chakula kikishapakuliwa. Eliufoo aliacha sahani kwenye kipaimara cha binti yake Jenifer, na tena siku ya kumuaga binti huyohuyo alipoolewa. Mkewe, Bi Asteria, alipoulizwa na kamati ya sherehe hii ya kumuaga mumewe angependa zawadi gani, alijibu, “Msinunue kitu. Nataka nimwone akimaliza kula.”

Kwa hiyo umeme ukikatika leo, Mzee Eliufoo anaombwa abaki kwenye kiti. Chiku, aliyepokea kazi yake, atawasha. Funguo za akiba tunajua ziko mfukoni mwa koti lako jipya, Mzee. Zikabidhi kabla ya pilau.

Asante kwa taa, na kwa siku ile ambayo hukusikia. Tunakutakia mapumziko mema, na chakula cha moto mpaka punje ya mwisho.