Udongo wa Lokol Ulioenda Lodwar

Benchi letu hapa Kakuma liko mbele ya duka la misumari la Gitau, na asubuhi hiyo kahawa ya Aluong, anayetuuzia hapo benchini, ilikuwa bado moto. Lokol, mfugaji aliyeanza kulima juzijuzi, alikuwa amekaa na mkebe wa mbegu za mtama magotini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mtama wake wa kwanza uligeuka manjano ukafa, na mbegu zilizobaki zilikuwa hizo tu. Nilimwonea huruma sana.

— Afisa wa kilimo alibeba udongo yangu Lodwar ipimwe, alisema Lokol. Majibu ikarudi kwa simu: udongo iko na nguvu, usiongeze samadi. Sasa nini ilimaliza mtama?

Gitau, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kukosa jibu, akaweka kikombe chini.

— Ni safari. Udongo ulitikiswa njia nzima, nguvu yote ikashuka chini ya mfuko. Wakapima ile ya chini.

— Wacha hizo, Profesa, akasema Ekeno, tunayemwita Redio kwa kuwa mdomo wake hauzimwi. Ni joto ya Lodwar. Udongo ikifika huko inaamka. Hii ya Kakuma imelala.

— Kakuma nako kuna baridi? nikauliza.

— Basi udongo inaogopa ofisi. Hata wewe ukiitwa kwa chifu unavaa shati safi.

Tulicheka. Lokol hakucheka.

— Nyinyi mnacheza. Mvua hainingoji. Nipande ama niache?

Pikipiki ikasimama. Alikuwa Madut, kijana wa bodaboda kutoka Kalobeyei, ambaye hajawahi kukaa nasi. Aluong akammiminia kahawa.

— Ejok, wazee, akatusalimu kwa Kiturkana, akamsikiliza Lokol akieleza habari ya udongo, kisha akauliza: Mzee, huo udongo ulichota wapi?

— Ng'ambo ya laga, ile mto kavu, kwa boma ya mbuzi ya zamani, akajibu Lokol bila wasiwasi. Ile ya shamba ni mbaya, imekaa nyeupe kama chumvi. Na afisa ni mgeni. Mgeni unampa kitu mbaya?

Sote tukakubali. Hata mimi ningempa ule mzuri.

Madut akapuliza kahawa yake.

— Sasa kwa nini hukupanda huko kwa boma?

Profesa akaanza kupanga misumari yake. Redio akainama kufunga kamba za viatu vyake. Lokol alitazama mkebe, akaufunika vizuri, akaacha kahawa yake nusu na kuelekea ng'ambo ya laga.