Hata Mwanangu Akaguliwe

Jumapili, saa kumi na dakika saba jioni, bibi yangu, ambaye kwa siku nne alikuwa hajainua kichwa, aliagiza aketishwe. Mama akamwekea mito miwili mgongoni, kisha wa tatu. Mjomba, aliyekuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka tisa, alikuwa ameingia dakika chache tu kabla, akasimama mlangoni, akaona mbwa anachungulia kutoka chini ya kitanda, akauliza, "Mama, huyu mbwa wako ataenda wapi?" Kabla hajajibiwa akasema atamchukua yeye. Bibi alinitazama, macho yanamwaka. "Andika," akaniambia, "na usinirembe." Alisema hivi:

Sogeeni karibu wanangu, nyote wawili, na wewe mke mwenzangu mwenye kalamu, kaa hapo penye mwanga. Dirisha msilifunge, nataka kuwasikia mbwa wakibweka. Leo nina furaha mpaka moyo unanienda mbio, na daktari amenikataza furaha, basi na aje anikataze vizuri. Msinikatize, maana pumzi niliyonayo naijua kipimo chake.

Tuanze na mali, ili tuimalize. Nyumba hii ni yenu wawili, msiigawe kwa ukuta. Lakini kiwanja cha nyuma, chenye mabanda kumi na manane, kisima na stoo ya chakula, hicho si chenu na wala si changu tena. Ni cha chama chetu cha wanyama, na hati iko kwa wakili tangu mwaka juzi. Mkikiuza nitawatokea ndotoni, na sitakuja peke yangu, nitakuja na paka wote. Yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyetushtaki mara nne kwa kelele za mbwa, mwambieni nimemsamehe, na mkumbusheni kwamba paka wawili wanaolala juu ya vitambaa vyake walitoka kwetu.

Wanyama hawarithiwi. Liandike hilo kwa herufi kubwa. Wako arobaini na mmoja, na kila mmoja atatoka kwa njia ile ile waliyotoka wenzake: fomu, kuonana, kukaguliwa nyumba, kisha ndipo mlango ufunguliwe.

Mnaniona kichaa wa wanyama, nami sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa karani wa mizani mnadani, mnalijua hilo, nikiita kilo na mwenzangu anaandika bei. Siku moja punda wa mkokoteni wa maji alianguka mbele ya mizani yangu, na mwenye punda akafungua kamba, akavuta mkokoteni mwenyewe, akaenda zake. Mnanisikia? Alimwacha punda, akachukua mkokoteni! Nilisimama pale na daftari langu, nikaona aibu, kwamba najua uzito wa kila mnyama aliyepita mnadani, na sijui hata mmoja alikunywa maji saa ngapi. Nikamwita daktari wa mifugo, kijana aliyekuwa ameanza kazi mwezi ule, tukashinda na punda yule kwenye jua, mimi nimeshika mwavuli, yeye ameshika mpira wa dawa. Punda alisimama saa kumi na mbili jioni. Wanangu, niliruka! Niliruka na viatu vya ofisini, na watu wa mnadani wakacheka hadi wakakaa chini. Chama kilianza hapo, watu wawili na punda.

Tulikosea mengi. Mbwa wa kwanza kabisa tulimpa mtu kwa sababu alikuwa na tabasamu zuri na shati limepigwa pasi. Wiki tatu baadaye nikapita kwake bila taarifa, nikamkuta mbwa amefungwa kwa waya kwenye nguzo, bakuli lake lina ukoga wa kijani, na yule bwana anatabasamu vile vile. Ndiyo maana nawaambia, mtu msimtazame usoni, tazameni bakuli. Nendeni asubuhi, kabla watu hawajajipanga. Pitisheni mkono chini ya geti mwone nafasi. Ulizeni nani atabaki na mnyama nyumba ikiwa tupu, na msikubali jibu la "tutaona." Nyumba mia tatu na kumi na mbili nimezikagua, na wanyama waliotoka humu wakaenda kulala juu ya mazulia ya watu ni wengi kuliko watu watakaokuja kunizika, na nikifikiria hivyo, jamani, nacheka peke yangu humu kitandani.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo nililotakia mito. Sheria yetu ya pili, baada ya ile ya kukagua nyumba, ilikuwa kwamba anayemrudisha mnyama asifokewe. Apewe kiti, aulizwe kimemsibu nini, ashukuriwe kwa kumleta mwenyewe. Ukimfokea mmoja mbele ya watu, anayefuata hatafika getini, atamtupa njiani. Niliwafundisha hivyo wafanyakazi wote, nikaibandika ukutani kwa mkono wangu. Na mtu wa kwanza kuivunja nilikuwa mimi.

Mwanangu, usiangalie chini. Ulikuja siku ile na mbwa jike wa kahawia, kamba mkononi, na mbele ya foleni nzima nikakuambia, "Leo unarudisha mbwa, kesho utarudisha mtoto." Mkeo alikuwa na mimba. Sikukuuliza kitu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwenye nyumba alikupa siku tatu, mbwa atoke au nyinyi mtoke, na wewe ulimleta kwangu kwa sababu ulidhani kwa mama ndipo pa kuja. Ulifunga kamba kwenye mpini wa geti, ukaondoka, na miaka tisa nikawaambia watu kwamba mwanangu ana kiburi. Kiburi kilikuwa changu.

Hujui yote bado. Nyuma yako kwenye foleni alisimama mama mmoja na kapu lenye kifuniko chekundu. Aliponisikia, akageuka. Mlinzi alimwona. Siku ya pili yake tuliitwa kituo cha mabasi, tukakuta kapu lile lile, na kando yake kitoto cha mbwa kimefungwa mguu kwa uzi wa katani kwenye nguzo ya tangazo. Uzi ulikuwa umeingia mpaka mfupa. Daktari akaukata mguu, na kwa kuwa alibaki na mitatu na bado akasimama, tukamwita Kigoda. Mguu wa Kigoda niliukata mimi kwa ulimi wangu, mwanangu, nilipokuwa nakukata wewe. Sijawahi kumwambia mtu. Watu saba wamekuja kumtazama, na wote saba walihesabu miguu.

Halafu leo unaingia, hujasema hata shikamoo, unauliza mbwa ataenda wapi! Na Kigoda anatoka chini ya kitanda changu, mzee mzima asiyemtokea mgeni, anakuja kukunusa suruali! Nisamehe, baba. Sema umenisamehe wakati nasikia. Haya, usilie, utaniharibia furaha.

Lakini hupewi leo.

Unacheka? Dada yako naye anacheka. Sichezi. Mjukuu wangu ndiye mkaguzi sasa, tena mkali, anapima mpaka kimo cha bakuli, na kesho atakuja kwako bila kubisha hodi mara mbili. Sitaki kusikia "ni mjomba." Kama nyumba yako haifai, aandike haifai. Niliwahi kumhukumu mwanangu bila kuingia kwake. Sasa aingiwe kwake kwanza, atazamwe kwa haki kama mtu yeyote. Hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo ya kukupa.

Nipeni maji. Kidogo.

Binti yangu, funguo za stoo ni zako, na orodha ya chanjo... iko nyuma ya mlango. Wale paka wadogo wasitoke kabla ya kuhasiwa, hata mtu akilia. Msinizike na shughuli nyingi. Jioni hiyo hiyo wanyama walishwe kwa wakati wao, wao hawajui msiba.

Mkono wangu... uwekeni juu ya vichwa vyenu, mimi siwezi kuunyanyua. Mungu awape milango mnayoweza kuifungua. Awape... watoto wasioogopa kurudi kwenu na habari mbaya. Wewe mwanangu, nimekuona. Nimekuona, basi. Mke mwenzangu, umeandika? Soma... hapana. Kesho. Nenda mapema...

Alilala mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mjomba, na hatukuuondoa mpaka miguu ya mjomba ikafa ganzi.

Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, nilikuwa getini kwa mjomba. Mama alikuwa amenipigia simu njiani kusema bibi bado anapumua, taratibu, na kwamba alipofumbua macho aliuliza neno moja, "Ameenda?" Mke wa mjomba alifungua geti na mswaki mdomoni.

"Kumbe kweli!" akasema. "Nilidhani bibi yako alikuwa anatania."

Nilipitisha mkono chini ya geti: vidole vitatu, panafaa. Nilipima ukuta. Niliuliza nani atabaki nyumbani. Mke wa mjomba anashonea nyumbani, hatoki mpaka saa tisa. Mwenye nyumba sasa ni mjomba mwenyewe, alijenga kwa mikono yake, naye ni fundi mwashi. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka nilipofika barazani.

"Mjomba, ngazi sita."

"Nazijua, nimezijenga."

"Kila moja sentimita ishirini na mbili. Kigoda hawezi kuzipanda."

"Nitambeba."

"Na ukiwa kazini?"

Mkewe akatema povu la dawa ya meno kwenye maua, akasema, "Mimi mgongo huu simbebi mtu."

Niliandika kwenye fomu: *Bado.* Mjomba alisogea akasoma juu ya bega langu.

"Umemfelisha mjomba wako?"

"Ungekuwa mtu mwingine ningeandika vile vile."

Alinigeuzia mgongo, nikadhani ataondoka kama alivyoondoka zamani. Badala yake alicheka, kicheko kikubwa, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Mama hafi huyu," akasema. "Amehamia kwako tu."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Nilisikia toroli linagonga mawe. Alirudi na mchanga, nusu mfuko wa saruji, karai na makoleo mawili, akachora kwa kisigino mstari mrefu wa mteremko kutoka uani hadi barazani.

"Unatosha hapa, mkaguzi?"

Nikapima. "Urefushe kidogo, mjomba. Ni mzee."

Akafuta, akachora upya, akanitupia koleo moja. Nikaiweka fomu chini ya jiwe isipeperuke, nikavua viatu, nikaanza kuchota mchanga.