Banjo ya Mzee Munyoki

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Josephat Munyoki, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Voi. Ametuacha wiki jana akiwa na miaka sabini na moja. Ninamzungumzia nikiwa nimechanganyikiwa, na sitaficha.

Wengi mlimjua kwa nyimbo za kantri na banjo yake, ile ala ya duara iliyowambwa ngozi. Mwaka wa 2019 alikuja hapa studio. Nikamuuliza, "Mzee, wewe Mkamba wa Voi, muziki wa Wazungu wa Amerika unakuhusu nini?"

Akasema, "Banjo asili yake ni Afrika. Watu wetu waliouzwa utumwani ndio walifika nayo kule. Fidla ikaja na maskini wa Ireland na Skotlandi. Wakakutana kusini mwa Amerika, wakachanganya na nyimbo za kanisa. Hiyo ndiyo kantri."

Nilicheka. Nilicheka hewani, wasikilizaji. Nikamwambia, "Mzee, hiyo umeitunga." Akafunga banjo yake kwa leso, akaondoka. Hakurudi tena.

Juzi, nikiandaa kumbukumbu hii, ndipo niliposoma historia ya banjo. Mzee alisema kweli. Na karakana yake ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, lakini sikuwahi kwenda kumuuliza.

Jana Jumamosi tulimzika shambani kwake, Mata. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Hizi nyimbo zake ni za ibada ama za baa?" Mjane wake, Mama Mumbe, akajibu, "Kiingereza chake mimi sikielewi. Lakini kifungua mimba wetu alipokufa, baba yake alishindwa kuomba. Alipiga hiyo banjo wiki nzima. Sasa niambieni nyinyi ni ya wapi."

Binti yao, Tryphena, akaichukua banjo, akaanza kupiga wimbo aliotunga babake, wa mkulima anayengoja mvua. Akina mama wa kanisa wakaitikia kwa Kikamba, kana kwamba waliujua tangu utotoni. Ni wa Amerika? Ni wetu? Mpaka sasa sijui.

Baadaye nikamwambia Tryphena, "Nilimkosea babako."

Akasema, "Alikuwa akikusikiliza kila Jumapili. Alisema siku moja utasoma."

Sikujua kama huo ni msamaha.

Mama Mumbe, Tryphena na jamaa wote, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemcheka kabla hajamaliza kusema, na bado yuko hai, nenda kwake leo. Mimi nimechelewa.